Kafungiwa Wiki ya Fainali! Historia ya Machungu ya Mashabiki wa Raga Ligi

Wadau, leo soka tunaliweka pembeni kidogo. Kuna mchezo unaitwa raga ligi, unapendwa kufa mtu huko Sydney, Brisbane na miji ya kaskazini mwa Uingereza. Mashabiki wake wana donda moja lisilopona: nyota wao kufungiwa kwa kukaba vibaya, tena wiki ileile ya mechi kubwa. Kila ikitokea, kelele ni zilezile. Tumeonewa. Kamati inatuchukia. Mbona yule wa timu ile aliachwa?

Ukizipitia kesi zenyewe moja baada ya nyingine, unakuta mashabiki hawa mara nyingi wana hoja ya kweli kabisa. Tatizo ni kwamba kuna mtu mmoja huwa wanamsahau kwenye hesabu zao. Twende taratibu.

Raga ligi ni kitu gani?

Hapa kwetu ukisema raga, watu wanafikiria ile ya wachezaji saba au 15. Raga ligi ni tawi jingine. Lilizaliwa tarehe 29 Agosti 1895 ndani ya hoteli ya George, mjini Huddersfield, pale klabu za kaskazini mwa Uingereza zilipojitoa kwenye chama kikuu. Ugomvi ulikuwa hela. Wachezaji wengi wa kaskazini walikuwa wachimba makaa ya mawe na vibarua wa viwandani, wakienda kucheza wanakatwa mshahara. Klabu zikataka kuwafidia, wakubwa wa chama wakagoma, ndoa ikavunjika. Mwaka 1906 wakapunguza wachezaji hadi 13, na 1908 Sydney ikaanza ligi yake.

Sasa shika hili, maana ndiyo mzizi wa kesi zote. Kwenye raga ligi, timu yenye mpira ina idadi maalumu ya kukabwa. Australia iliweka kikomo cha mara nne mwaka 1967, ikaongeza kuwa sita mwaka 1971. Ukikabwa mara ya sita, mpira unakwenda kwa wapinzani. Na kila anayekabwa anatakiwa ainuke, auweke mpira chini, aurudishe nyuma kwa mguu, mchezo uendelee.

Kwa hiyo anayekaba ana kazi mbili: kumwangusha jamaa, na kumchelewesha kuinuka ili wenzake wajipange. Sekunde moja tu ya ziada ni mali. Makocha walipoligundua hilo, wakaanza kuleta walimu wa mieleka na jujitsu mazoezini. Hapo ndipo mikono ikaanza kupanda juu, kutoka kiunoni hadi shingoni.

2008: Nahodha anaangalia fainali akiwa nje

Melbourne Storm walikuwa moto. Nahodha wao, Cameron Smith, alicheza nafasi ambayo karibu kila shambulio linaanzia mikononi mwake. Septemba 2008 wakawatoa Brisbane Broncos kwa 16-14. Baada ya mechi, kamati ya nidhamu ikaangalia picha za namna Smith alivyomkaba Sam Thaiday eneo la shingo na kichwa. Akafungiwa mechi mbili.

Fanya hesabu. Mechi ya kwanza ilikuwa nusu fainali. Ya pili ilikuwa fainali yenyewe.

Melbourne walilipuka. Kocha Craig Bellamy akaitolea kamati maneno makali hadharani, na klabu ikapigwa faini ya dola 50,000 za Australia. Mashabiki nao walikuwa na swali moja tu: kukaba kwa aina hiyo kunaonekana kila wiki, kwa nini achaguliwe huyu, tena wiki hii?

Nusu fainali walishinda bila yeye. Fainali ikaja, Manly wakawachapa 40-0. Narudia, arobaini kwa sifuri. Hakuna fainali ya ligi hiyo iliyowahi kuisha kwa pengo kubwa kuliko hilo. Na mpaka leo kuna mashabiki wa Melbourne watakaokwambia mechi ile iliamuliwa mezani kabla filimbi haijapulizwa.

2014: Mwaka uliobadilisha mjadala

Tarehe 24 Machi 2014, Melbourne hao hao walikuwa wanacheza na Newcastle Knights. Alex McKinnon wa Newcastle, kijana wa miaka 22, akakabwa na watu watatu kwa pamoja. Akanyanyuliwa, mwili ukapinduka, akatua kwa kichwa na shingo. Pingili mbili za shingo zikavunjika. Hakucheza tena, na hajarudi kutembea kama zamani.

Nahodha wa Melbourne siku ile alikuwa yuleyule Cameron Smith. Kamera zikamwonyesha akibishana na refa kuhusu penalti, wakati ukubwa wa jeraha ulikuwa haujajulikana. Picha hizo ziliporudi kwenye televisheni mwaka 2015, alishambuliwa vibaya mno. Ukiwaza vizuri, alifanya kile ambacho shabiki yeyote wa Melbourne jukwaani alikuwa anakifanya dakika ileile: kulalamikia uamuzi kabla ya kumwangalia aliyelala chini.

Jordan McLean, mmoja wa wale watatu, akafungiwa mechi saba. Hapo mashabiki wakagawanyika. Wengine walisema mechi saba ni dharau, mtu amepoteza miguu yake. Wengine wakasema McLean hakukusudia, ameadhibiwa kwa sababu ya matokeo na siyo kosa, maana kunyanyuana kwa aina hiyo kulikuwa kunaishia na penalti tu na maisha yanaendelea.

Hao wa pili walikuwa na pointi. Lakini pointi yao inakata pande zote mbili: kama kosa ni lilelile, basi yale mengine yote yaliyoisha na penalti tu ndiyo yaliyokuwa yanaadhibiwa kidogo mno. Julai mwaka huo ligi nzima ilitenga mzunguko mmoja kumchangia McKinnon.

Miezi miwili baadaye, kesi nyingine. South Sydney Rabbitohs wanaingia fainali. Hebu elewa hawa watu wametoka wapi: ubingwa wa mwisho ulikuwa 1971. Mwaka 1999 waliondolewa kabisa kwenye ligi, mashabiki wakaingia barabarani na mahakamani mpaka timu ikarudishwa 2002. Ndiyo fainali yao ya kwanza tangu 1971, halafu kwenye nusu fainali dhidi ya Sydney Roosters, Issac Luke anamnyanyua Sonny Bill Williams vibaya. Adhabu: mechi moja.

Mechi moja! Mwezi wa nne hiyo ni likizo. Mwezi wa kumi ni ndoto ya maisha. Williams mwenyewe hakuumia, na hapo ndipo mashabiki wa Souths waliposhikwa na hasira zaidi. Lakini baada ya kilichompata McKinnon Machi ileile, nani angesimama na uso mkavu kusema kumpindua mtu hewani ni jambo dogo? Luke akakaa nje. Tarehe 5 Oktoba wenzake wakaipiga Bulldogs 30-6, miaka 43 ya kusubiri ikaisha. Kelele kuhusu kamati zikazimika siku hiyohiyo. Fainali yenyewe haikumrudia Luke, lakini jukwaani nani alikuwa anakumbuka?

Hiyo inakuonyesha kitu. Hasira ya mashabiki inafuata ubao wa matokeo. Ukishinda, adhabu ilikuwa sehemu ya safari. Ukipigwa 40-0, adhabu ilikuwa wizi.

2018: Huyu mbona kaachwa?

Kugongana kwa bega bila kutumia mikono kulipigwa marufuku Australia kuanzia msimu wa 2013. Mashabiki wengi walinuna, wakasema mchezo unafanywa laini. Juni 2015 mchezaji mmoja wa ligi ya Queensland alifariki baada ya kugongwa kwa namna hiyo. Ubishi ule ukapungua sana.

Sasa, Septemba 2018, Billy Slater wa Melbourne akamgonga winga wa Cronulla kwa bega akizuia asifunge. Kosa likaandikwa. Slater alikuwa amekwishatangaza kustaafu, fainali ndiyo ingekuwa mechi yake ya mwisho. Kamati ikakaa tarehe 25 Septemba, ikamkuta hana hatia.

Unaweza kukisia nini kilifuata. Melbourne walifurahi, kwingineko watu wakawaka: kanuni ni kwa wadogo tu, nyota wana sheria zao. Wale wale waliolia 2008 kwamba kamati haina huruma, safari hii walisema kamati ina busara. Slater alicheza, Roosters wakashinda 21-6.

2021: Pande mbili zinalia kwa kosa moja

Mwaka 2019 watafiti wa Australia walitangaza kukuta ugonjwa wa ubongo unaotokana na kupigwa kichwani mara kwa mara, kwenye ubongo wa wachezaji wawili wa zamani wa ligi kuu. Mei 2021 ligi ikaamua kuwa kali na kila pigo la kichwa. Kwenye mzunguko mmoja tu, uliochezwa wote Brisbane, watu watatu walitolewa nje moja kwa moja na 14 wakakalishwa dakika kumi kumi. Mashabiki walichanganyikiwa. Wikiendi iliyopita hiyo ilikuwa penalti, leo ni kutolewa?

Halafu ikaja tarehe 27 Agosti. Latrell Mitchell wa South Sydney akamkaba Joseph Manu wa Roosters juu, usoni, mfupa wa shavu ukavunjika. Hawa wawili walikuwa wachezaji wenza Roosters, wamebeba makombe mawili pamoja. Refa akamkalisha Mitchell dakika kumi.

Roosters wakawaka: dakika kumi kwa shavu lililovunjika? Kocha wao Trent Robinson alisema aliyoyasema kuhusu waamuzi, akapigwa faini ya dola 20,000. Kisha kamati ikampa Mitchell mechi sita, na sasa zamu ya Souths kulia, maana msimu wake ulikuwa umekwisha. Tarehe 3 Oktoba Souths wakapoteza fainali kwa Penrith, 14-12. Pointi mbili. Ukiwa shabiki wa Souths, utaacha kuwaza "angekuwepo Latrell"? Huwezi.

Lakini rudi nyuma kidogo. Manu naye msimu wake uliisha usiku ule ule. Yeye hakuitwa kwenye kikao. Hakupewa mwanasheria. Hakupunguziwa robo ya adhabu kwa kukiri mapema, kama kanuni za wakati huo zilivyoruhusu kwa wenye makosa. Huyo ndiye mtu anayesahaulika kwenye hesabu zetu: kifungo kina rufaa, shavu lililovunjika halina.

Basi mashabiki wanalia bure?

Hapana. Tuwe wakweli. Kuna malalamiko yao mawili ambayo historia inayaunga mkono.

La kwanza ni kutokuwa na kipimo kimoja. Uingereza, Septemba 2022, Morgan Knowles wa St Helens alifungiwa mechi mbili kwa kuupindisha mkono wa mpinzani kwenye nusu fainali. Wakakata rufaa, ikagonga mwamba. Wakakata tena, adhabu ikafutwa. Akacheza fainali Old Trafford, St Helens wakashinda 24-12, ubingwa wa nne mfululizo. Picha ni ileile, kosa ni lilelile, vikao vitatu, majibu mawili. Shabiki akiona hivyo, umwambie nini aamini?

La pili ni kwamba mechi hazilingani. Australia kwa miaka mingi walihesabu pointi 100 kuwa mechi moja, iwe ya mwezi wa tatu au fainali. Kwenye karatasi ni sawa, maishani siyo sawa hata kidogo. Ndiyo maana baadaye makosa madogo yakawekewa faini ya hela badala ya kukaa nje.

Wapo wanaotaka fainali isihesabiwe kabisa: mchezaji acheze, adhabu aanze nayo msimu ujao. Inavutia, mpaka ufikirie nusu fainali itakavyochezwa na watu wanaojua fainali yao iko salama hata wakimvunja mtu. Yule atakayebebwa kwa machela ndiye atakayeikosa fainali, na aliyembebesha atakuwa uwanjani.

Kwa hiyo shabiki ana haki ya kudai kamati iwe na kipimo kimoja kwa nyota na kwa asiyejulikana, kwa Machi na kwa Oktoba. Hiyo ni vita halali, pigana nayo. Ila kudai mchezaji wako aachwe kwa sababu tu ni wiki ya fainali, hiyo ni kuomba upendeleo. Kipimo rahisi: angalia picha za tukio ukiwa umebadilisha jezi kichwani. Kama aliyepinduliwa angekuwa wa kwako, ungetaka mechi ngapi?

Wewe unaonaje? Fainali ihesabiwe kwenye kifungo au iachwe? Dondosha maoni yako hapo chini, matusi weka pembeni.