Big Ten: Ligi ya mpira inayotaka kwanza kuona maabara

Ukiingia kafe kutafuta vyuo vya Marekani lazima utakutana na jina Big Ten. Wengine wanadhani ni orodha ya vyuo kumi bora. Hapana. Ni ligi ya michezo ya vyuo, ilianza 1896, na hiyo kumi ni jina tu maana sasa ina vyuo 18. Ila kuna jambo ndani yake ambalo kila nikilisoma nachoka: unaweza kuwa na timu kali na uwanja unaojaa, halafu wakakuuliza utafiti wako ukoje.

Kipimo wanachotumia kinaitwa AAU, yaani Umoja wa Vyuo Vikuu vya Marekani. Huu hauna timu wala kombe. Ulianzishwa 1900 na vyuo 14, na ulipopokea vipya sita mwaka 2023 ukafika 71, viwili vikiwa vya Kanada. Huingii kwa kujaza fomu, unaalikwa. Wanaangalia fedha za utafiti ulizoshindania na kushinda kutoka serikali kuu, maprofesa wako wangapi wako kwenye akademia za kitaifa, na kazi zao zinanukuliwa kiasi gani na wenzao.

Sasa, wanaopiga kura ya kukubali chuo kipya Big Ten si makocha, ni wakuu wa vyuo wenyewe. Na karibu wote hao ndio wanaokaa kwenye vikao vya AAU! Hesabu mwenyewe: Penn State (1990), Nebraska (2010), Maryland na Rutgers (2012), USC na UCLA (2022), Oregon na Washington (2023). Vyote vilikuwa wanachama wa AAU siku vinakaribishwa. Aliyeruhusiwa kuvunja utaratibu ni Notre Dame, ambayo ilialikwa 1999 bila kuwa AAU kwa sababu jina lake kwenye mpira wa Kimarekani ni kubwa mno. Ikakataa yenyewe. AAU ikaja kuingia 2023.

Msidhani ni sifa tupu. Tangu 1958 vyuo vya ligi hii vina umoja wao wa masomo, vinashirikiana maktaba, kozi na utafiti. Chuo Kikuu cha Chicago kilishajitoa kwenye ligi mwaka 1946, lakini umoja huo ulipoanza kilikuwemo. Mpira hawakuutaka, vitabu walivitaka.

Turudi Nebraska, maana hapo ndipo penye uchungu. Walikuwa AAU tangu 1909. Juni 2010 Big Ten ikawakaribisha, watu wakashangilia. Aprili 2011, hata mechi ya kwanza haijachezwa, AAU ikawatoa kwa kura, jambo ambalo halikuwahi kukipata chuo chochote kabla yao. Kosa lao? Chuo cha udaktari kiko Omaha chini ya uongozi wake, kwa hiyo utafiti wake haukuhesabiwa kwa kampasi ya Lincoln. Halafu fedha nyingi za utafiti wa kilimo, zile zinazogawiwa kwa mgao bila kushindaniwa, hazikupewa uzito sawa. Chuo cha jimbo la mahindi, timu yenyewe inaitwa Cornhuskers, yaani wamenya mahindi, kinaangushwa kwa sababu ya kilimo! Sisi walaji wa ugali tuna haki ya kununa hapo. Mkuu wa chuo wa wakati huo, Harvey Perlman, alikiri kwamba bila uanachama ule huenda wasingepokelewa Big Ten. Ligi haikuwatimua, lakini waliponea chupuchupu.

Je, ukiwa na AAU umemaliza? Thubutu. Agosti 2022 Big Ten ilitangaza mkataba wa TV wa zaidi ya dola bilioni 7 kwa miaka saba, na mshiko wa namna hiyo unataka timu zinazotazamwa. Mwaka uliofuata ligi ya magharibi, Pac-12, iliposambaratika, Stanford na California ya Berkeley, vigogo wa utafiti duniani, hawakuchukuliwa na Big Ten. Wakaishia ACC, ligi ya pwani ya Atlantiki, upande wa pili wa nchi, tena kwa mgao uliopunguzwa. Oregon State na Washington State, ambao si AAU na soko lao la TV ni dogo, walibaki wawili peke yao. Kwa hiyo mimi naona hivi: utafiti unakuruhusu ufike mlangoni, TV ndiyo inayofungua.

Nebraska hawajakata tamaa. Mwaka 2023 uongozi wao ulianza mpango wa kuunganisha hesabu za utafiti za Lincoln na Omaha ziwe moja, shabaha ikiwa kurudi AAU.