Mbeleko ya Mafuta, Si "Mning'inio wa Majimaji"

Nimewekewa mezani kijitabu cha mwongozo kwa wanunuzi wa magari yaliyotumika. Picha zake nzuri, karatasi inang'aa, na katika sura ya magari makubwa mnunuzi anatakiwa "akague kusimamishwa kwa majimaji" kabla hajatoa pesa. Anayesimamishwa, kwa Kiswahili ninachokijua mimi, ni mhasibu aliyeshindwa kuonyesha stakabadhi: anasimamishwa kazi, anakaa nyumbani, anangoja barua. Gari nalo husimamishwa, na trafiki. Majimaji yaliyosimamishwa chini ya Land Cruiser yamekosa nini?

Kurasa chache mbele, kana kwamba mtafsiri alikwenda kula akarudi mtu mwingine, kitu kile kile kinaitwa "mning'inio wa majimaji". Hili la pili ndilo linaloniuma. La kwanza ni kazi ya mashine, na mashine haina haya. La pili limetoka kwa watu wazima waliokaa kikao, wakaletewa chai, na sina shaka posho wakasaini.

Tuanze na huko kuning'inia. Waingereza na Wafaransa wanalo neno moja kwa jambo hili, suspension, nao wamelitoa katika Kilatini: sub, yaani chini, na pendere, yaani kutundika. Mwanzoni halikuwa fumbo. Katika magari ya farasi ya Ulaya kibanda cha abiria kilifungwa kwa mikanda minene ya ngozi iliyotoka kwenye nguzo za fremu, kikawa kinaning'inia kweli, na abiria wakichafukwa tumbo kwa kupepesuka kwake. Kwa gari la namna hiyo "mning'inio" ingekuwa tafsiri ya haki. Baadaye springi za chuma zikashika kazi, mikanda ikaondoka, kibanda kikaacha kutundikwa kutoka juu kikaanza kubebwa kutoka chini. Jina halikubadilishwa. Hiyo ni shauri yao. Kila lugha ina majina yaliyopitwa na vitu vyake. Lakini sisi, ambao hatukuwahi kutundika kibanda kwa mikanda, tumelazimishwa na nani kurithi hata usahaulifu wa watu? Gari halining'inii. Linabebwa.

Na hayo "majimaji"? Mgiriki alipounda neno lililozaa hydraulic aliunganisha hydor, maji, na aulos, mrija au zumari, kwa sababu chombo chenyewe kilikuwa kinanda kilichopigwa kwa nguvu ya maji, kazi ya Ctesibius wa Alexandria katika karne ya 3 kabla ya Kristo. Mgiriki aliona maji na mrija. Wajumbe wetu wakauacha mrija, wakabaki na maji, tena wakayarudufu. Majimaji katika Kiswahili ni hali ya kitu: uji wa majimaji, uwanja wa majimaji baada ya mvua. Zaidi ya hapo ni vita vya 1905 hadi 1907, na timu ya Songea. Ndani ya mfumo huu wa gari hakuna maji hata tone. Yakiingia ni ugonjwa. Kilichomo ni mafuta.

Jina ninalolitetea, na ambalo nimelitetea mbele ya watu waliokuwa wakitazama saa zao, ni mbeleko.

Kueleka, au kubeleka kwa wengine, ni kumbeba mtoto mgongoni au ubavuni. Nguo ya kazi hiyo ni mbeleko. Wapo wasemao ubeleko. Wala haikuwa nguo ya kudharauliwa. Katika ndoa za pwani ubeleko ulitajwa pamoja na mkaja na kilemba miongoni mwa vitu alivyodaiwa mwoaji, nao ulikwenda kwa mama wa bibi harusi, kwa kuwa ndiye aliyembeba binti. Neno lina heshima ya harusi, lina kitenzi chake, lina umri mkubwa kuliko gari lenyewe. Tazama basi nguo hiyo inavyofanya kazi. Mama anaruka mfereji, anapanda ngazi, anainama kuokota kitu, na mtoto mgongoni amelala. Uzito umebebwa. Mshtuko umemezwa njiani. Na mtoto akianza kuteremka, mama hutikisa bega, huvuta ncha ya nguo, na kimo kinarudi palepale. Kubeba uzito, kumeza mshtuko, kushika kimo: muulize fundi yeyote kama mfumo huu wa gari una kazi ya nne.

Nilipolifikisha neno hili panapohusika nilijibiwa kuwa ni "neno la akina mama" na kwamba "halina hadhi ya kiufundi". Wote waliotia saini jibu hilo walibebwa kwa mbeleko. Msomi mwingine, ambaye vitabu vyake vinauzwa kuliko vyangu, hutumia "kidhibitimtikiso". Pamoja na urefu wake, neno hilo linataja shokapu peke yake, na shokapu imeshapata jina. Kuna hata shokomzoba, neno ambalo hakuna kikao kingeweza kulibuni. Shokapu ni kiungo kimoja tu cha mbeleko. Springi ni kingine, bushi ni kingine.

Sasa hiyo mbeleko ya mafuta. Aliyeifikisha barabarani ni Paul Magès wa kampuni ya Citroën, Ufaransa: kwanza kwenye magurudumu ya nyuma tu ya modeli ya 15-Six H mwaka 1954, kisha kwenye magurudumu yote manne ya DS, iliyozinduliwa katika maonyesho ya magari ya Paris Oktoba 1955. Kila gurudumu lilipewa tufe la chuma lililogawanywa ndani kwa kiwambo cha mpira. Upande mmoja wa kiwambo ni gesi ya nitrojeni, upande wa pili ni mafuta. Gurudumu likipanda jiwe husukuma mafuta, mafuta husukuma kiwambo, kiwambo huibana gesi. Mafuta hayabanwi, ni tarishi tu. Kinachonesa ni gesi. Na mfumo, kwa kuongeza au kupunguza mafuta hayo, hulishikisha gari kimo kile kile liwe tupu au limejaa watu na mizigo. Ukitaka jina kamili, basi ni mbeleko ya mafuta na gesi. Ninalifupisha kwa sababu watu wana shughuli zao.

Hapa ndipo jina baya linapomtia mtu hasara. Aliyeambiwa akague "majimaji" atafungua boneti, ataona kopo limejaa, atatabasamu, atalipa. Mafuta yapo. Ila nitrojeni hupenya mpira pole pole mwaka hadi mwaka, na tufe lililoishiwa gesi ni chuma kilichojaa mafuta yasiyobanwa. Gari litapanda na kushuka vizuri mbele ya mnunuzi, kisha kwenye tuta la kwanza limtikise meno.

Kwetu, Citroën za namna hii ni chache. Tunazozinunua ni Land Cruiser 100, zilizotengenezwa kati ya 1998 na 2007, baadhi yake zikiwa na mfumo ambao Toyota huuita AHC, pamoja na pacha wake Lexus LX 470 na Cygnus ya soko la Japani. Humo mafuta hayabebi peke yake. Mbele kuna vyuma vya kujisokota, nyuma kuna springi, navyo huchukua sehemu ya uzito. Mafuta huchukua iliyobaki.

Sokoni vurugu ya majina ni kubwa. "Mzee, hii ina air, bonyeza hapa uone inavyopanda yenyewe," dalali atakwambia, akielekeza kidole kwenye swichi iliyo karibu na gia. Gari hilo halina hewa, lina mafuta. Yenye hewa ni Prado 120, tena baadhi tu, na mifuko yake iko nyuma. Prado 150 yenye KDSS nayo ina mafuta, ila hayabebi gari wala kuliinua, yanatawala stabilaiza peke yake. Ukienda Gerezani Kariakoo, au Grogan kule Nairobi, muuzaji atakuuliza, "Unataka za mafuta au za gesi?" Hapo anazungumzia shokapu za kawaida, ambazo zote zina mafuta ndani. Shokapu ya mafuta si mbeleko ya mafuta. Istilahi moja iliyonyooka ingewaokoa watu hawa wote, lakini tunaambiwa si ya kiufundi.

Kwa hiyo kagua mbeleko, na uanze kabla injini haijawashwa. Zungusha ufunguo hadi hatua ya mwisho kabla ya kuwasha injini, uangalie dashibodi: taa zote ziwake, kisha zizimike baada ya injini kuwaka. Taa ya AHC isiyowaka kabisa imenyamazishwa na mtu, na inayopepesa baada ya injini kuwaka inataja kosa. Washa, tuma gari chini kabisa, kisha kati, kisha juu. Lipande sawasawa, upande mmoja usiuache mwingine, na pampu isilie kwa muda mrefu.

Kipimo kizuri kuliko vyote hakihitaji kifaa. Kopo la mafuta lina mistari ubavuni. Soma mafuta gari likiwa chini, soma tena likiwa juu. Matufe yakiwa hai, gari linapoinuka gesi hubanwa na mafuta mengi huondoka kwenye kopo kwenda kuijaza nafasi hiyo, kwa hiyo tofauti ya mistari ni kubwa. Matufe yaliyokufa hayana cha kubanwa. Mafuta yatashuka kidogo tu. Dalali akikuonyesha tofauti ndogo kama ushahidi kwamba gari "halili mafuta", mshukuru, kisha punguza bei ya matufe manne. Mafuta yaliyogeuka meusi au yenye povu yana habari zake pia, na uulize yaliyoongezwa ni ya aina gani. Mfumo huu una mafuta yake maalumu. Ya breki yakimiminwa humo hula mipira.

Ingia uvunguni, lakini gari likiwa limeegemezwa kwenye stendi za chuma, kamwe lisiwe limeshikwa na mafuta peke yake, maana bomba likipasuka linashuka lote mara moja. Fuata mabomba ya chuma kutoka pampu hadi nyuma. Chumvi ya barabara za theluji za Japani huanza kuyala, na hewa ya bahari ya Unguja au Mombasa humalizia. Kutu ya juu juu si neno. Kutu inayobanduka maganda usiipuuze. Angalia kama shokapu bado zina bomba linaloingia. Wapo wenye magari waliochoka, wakang'oa mfumo wote, wakafunga springi na shokapu za kawaida, na swichi ikabaki kama pambo. Si dhambi, ila bei iwe ya gari lisilo na mbeleko ya mafuta. Bamba zito la mbele na keria ya chuma juu ya paa pia ni onyo: springi zilizochoka chini ya mzigo huo huyatwisha mafuta uzito usio wao, shinikizo likapanda, matufe yakafa mapema.

Anayenunua Citroën ya zamani, kwa mfano Xantia au XM, aongeze jambo moja: breki na usukani hunywa kutoka mafuta yale yale, ya kijani. Injini ikiwa inazunguka taratibu, sikiliza mlio mdogo wa "ta" chini ya boneti. Ukirudia kila baada ya sekunde chache, tufe kuu, lile linalotunza shinikizo la mfumo wote, limekwisha. Kisha bonyeza kila pembe ya gari kwa mikono miwili. Isiponesa, umeshajua.

Kuhusu matumizi ya neno sina mengi. Mbeleko ni ngeli ya i-zi: mbeleko imekufa, mbeleko zimekufa. Ziko za springi, za hewa na za mafuta. Tufe ni tufe, kiwambo ni kiwambo, na shokapu ibaki shokapu. Wenye "mning'inio" wao nawaachia uvungu wa gari lililotundikwa kwa mikanda ya ngozi, wakilipata.