Dawa iliyomfungulia njia mpasuaji, ikalijeruhi ini

Waswahili husema maneno makali hukata maini. Lakini ini lenyewe, tofauti na viungo vingi vya mwili, likikatwa hukua tena. Mwaka 1931 watafiti wawili wa Marekani, Higgins na Anderson, waliondoa kiasi cha theluthi mbili za ini la panya, na baada ya wiki chache ini likarejea ukubwa wake.

Sifa hiyo ndiyo tegemeo la mgonjwa ambaye saratani ya utumbo mpana imeenea hadi kwenye ini. Mpasuaji huondoa sehemu yenye uvimbe, na kipande kinachobaki hutakiwa kukua na kubeba kazi yote. Kwa muda mrefu, hata hivyo, wagonjwa wengi waliambiwa kwamba uvimbe wao haukatiki.

Mwaka 1976, nchini Japan, Profesa Yoshinori Kidani wa Nagoya alitengeneza oksaliplatini, dawa yenye madini ya platini inayozuia seli za saratani zisigawanyike. Ufaransa iliiidhinisha mwaka 1996. Mwaka huohuo, Henri Bismuth na wenzake wa hospitali ya Paul Brousse, karibu na Paris, walieleza kuwa kati ya wagonjwa 330 waliodhaniwa hawapasuliki, 53 walipasuliwa baada ya dawa hiyo, ikichanganywa na nyingine, kupunguza uvimbe.

Lakini neema hiyo ilikuja na deni. Mwaka 2004, Laura Rubbia-Brandt wa Geneva na wenzake walichunguza kwa hadubini maini yaliyokatwa. Kati ya wagonjwa 43 waliotumia oksaliplatini, 34 walikuwa na majeraha katika mishipa midogo ya damu ya ini. Maini ya wagonjwa 66 waliopasuliwa bila dawa yalikuwa salama.

Dawa hiyo hujeruhi seli za utando wa ndani wa mishipa hiyo. Utando ukichanika, damu hutuama na ini huvimba. Tena, seli hizohizo ndizo hutoa ishara za kuliamrisha ini likue. Zikidhurika, kipande kilichobaki huchelewa kuchipua, na mgonjwa aliyeondolewa saratani huweza kufa kwa ini kushindwa kufanya kazi.

Je, dawa iachwe? Jibu la madaktari lilikuwa kipimo. Utafiti wa Ulaya ulioongozwa na Bernard Nordlinger, uliochapishwa mwaka 2008, ulitoa duru 6 kabla ya upasuaji na 6 baadaye. Matatizo ya baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 25 ya waliopewa dawa, dhidi ya 16 ya wasiopewa, lakini vifo vilikuwa vichache mno. Tangu hapo, duru za kabla ya upasuaji huhesabiwa kwa uangalifu, ini hupewa wiki kadhaa za kupumzika, na ukubwa wa kipande kitakachobaki hupimwa kwanza.

Kwa hiyo, daktari anaposema dawa isimame ingawa uvimbe bado unapungua, hajakata tamaa. Analiachia ini nguvu ya kukua tena.