Mboji, Samadi na Mbolea Vunde katika Mashamba ya Simiyu

Mboji ni kitu cheusi, chepesi na chenye kumomonyoka kikishikwa mkononi, kinachotokana na mabaki ya mimea na wanyama yaliyooza hadi isiwezekane tena kutambua lipi lilikuwa jani, lipi bua na lipi ganda. Katika sayansi ya udongo neno hilo hutaja kile kinachobaki ardhini baada ya uozo kukamilika, lakini katika maandishi ya kilimo nchini Tanzania hutumika pia kwa mbolea ambayo mkulima huitengeneza mwenyewe kwa kurundika masalia ya mazao, majani yaliyofagiliwa uani na samadi, na hapo ndipo linapokutana na mshindani wake, mbolea vunde. Msomaji anayeyakuta maneno hayo mawili katika maelezo ya ugani huyachukua kuwa visawe, ingawa si visawe kamili, na tofauti yake inagusa namna lundo lenyewe linavyopaswa kutengenezwa.

Vunde limetokana na kuvunda, ambako ni kuoza pamoja na kunuka. Katika ukoo huohuo kumo kuvundika, kitenzi kinachotumika kwa ndizi mbichi zinazofunikwa ili ziive, na ambacho wafugaji hukitumia kwa majani yanayoshindiliwa na kufunikwa yasipate hewa, yakae kuwa malisho ya kiangazi. Wazo linalopita katika maneno hayo ni la kufungia, ilhali mboji nzuri hupatikana kwa kufungulia: bakteria na kuvu wanaoivisha lundo huhitaji oksijeni, na wakiipata kwa wingi hupandisha joto la katikati hadi kati ya nyuzijoto 55 na 65, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Hewa ikikosekana, au maji yakizidi, vijidudu wa aina nyingine hushika kazi na lundo huanza kutoa uvundo. Kwa hiyo jina mbolea vunde linataja hasa ile hali ambayo mtengenezaji anapaswa kuiepuka, na kwa sababu hiyo mboji ni istilahi iliyo salama zaidi, japo ina upungufu wa kutotenganisha kazi ya mkono wa mtu na kazi ya msitu.

Hata hivyo, waliochagua vunde hawakukosea kila mahali. Mkoa wa Simiyu, uliotengwa kwa sehemu kubwa na Shinyanga mwaka 2012 na kupewa Bariadi kuwa makao makuu, una kiangazi kirefu kinachoanza karibu mwezi Juni na kuendelea hadi Oktoba, na sehemu za wilaya ya Meatu ni kame kuliko maeneo mengine ya mkoa. Lundo lililojengwa juu ya ardhi katika miezi hiyo hukauka kabla halijaoza, na mchwa hulimaliza kwa ndani likiwa bado limesimama. Ndiyo maana katika maeneo makavu hupendekezwa shimo badala ya lundo, likijazwa kwa matabaka na kufunikwa kwa udongo ili unyevu usitoroke. Humo hewa ni kidogo, uozo ni wa polepole na harufu haikosekani, hivyo kinachotoka kinastahili kwa kiasi fulani kuitwa vunde. Kipimo cha unyevu ni kilekile kwa shimo na kwa lundo: konzi moja ikikamuliwa ikatoa matone mengi kati ya vidole, maji yamezidi, na ikifunguliwa ikasambaratika kama pumba, maji yamepungua. Joto nalo hupimwa kwa kijiti kirefu kinachochomekwa hadi katikati na kuchomolewa baada ya siku chache. Kikitoka cha moto na chenye unyevu, kazi inaendelea.

Samadi ni jambo jingine, na kulichanganya na mboji ni kosa la mara kwa mara katika mazungumzo. Samadi ni kinyesi cha mifugo, pamoja na mkojo na nyasi vilivyokanyagwa zizini, na Wasukuma wa mkoa huu, ambao ng'ombe ni msingi wa mali yao, hawajapata kuikosa. Kilichokosekana ni njia ya kuifikisha shambani, kwani ni nzito na punda au mkokoteni si wa kila kaya, na mahali ambapo kuni zimeadimika kinyesi kilichokauka huishia jikoni. Mpango wa maendeleo ya Usukuma, ulioanzishwa na serikali ya kikoloni mwishoni mwa miaka ya 1940, ulijaribu kulazimisha utiaji samadi pamoja na kupunguza mifugo, ukaamsha upinzani na hatimaye ukaachwa. Kinyesi kikichanganywa na masalia makavu hutumika vizuri zaidi kuliko kikiachwa peke yake zizini, ambako jua na mvua hukinyang'anya naitrojeni. Mabua ya mahindi yana takriban sehemu 60 za kaboni kwa moja ya naitrojeni, samadi ya ng'ombe karibu 20 kwa moja, na vijidudu hufanya kazi vizuri uwiano ukiwa kati ya 25 na 30 kwa moja. Ndiyo maana mabua peke yake hukaa miezi mingi bila kubadilika.

Faida ya mboji haiwi sawa katika kila shamba. Wasukuma hutofautisha luseni, udongo wa kichanga wa miinuko, na mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi ulio bondeni unaopasuka wakati wa kiangazi. Mbuga hushika maji na virutubisho kwa asili yake, ilhali luseni huyapoteza, hivyo mkulima mwenye mboji kidogo hana sababu ya kuipeleka bondeni.

Taka za uani, kama wanavyozielewa watu wa miji yenye bustani za nyasi, si nyingi Bariadi. Zilizopo ni majani ya mwarobaini, maganda ya karanga, mabua ya mtama na, katika maeneo ya mpunga, pumba ambazo huchelewa kuoza kwa sababu ya silika iliyomo. Masalia yaliyo mengi kuliko yote ni miti ya pamba, zao ambalo mkoa huu unaongoza kulizalisha nchini, na hayo ndiyo yenye mgogoro na utengenezaji wa mboji. Kanuni za kilimo cha pamba humtaka mkulima ang'oe masalia baada ya mavuno na kuyachoma, ili funza mwekundu anayejificha katika vitumba vilivyosalia asivuke hadi msimu unaofuata. Joto la katikati ya lundo lingeweza kumuua, lakini kingo za lundo la kienyeji hubaki baridi, na ni wachache wanaogeuza lundo mara zinazotosha. Wakulima wa pamba hai wa Meatu, ambao tangu 1994 wamekuwa wakilima bila mbolea za viwandani, wanategemea samadi na mboji. Kwa wengine, miti ya pamba hutumika kama kuni, na majivu yake, yenye potasiamu, yanaweza kunyunyizwa juu ya lundo, tabaka jembamba tu, kwa kuwa yakizidi hufukuza naitrojeni hewani.