Jinsi uchaguzi wa metali unavyopunguza madhara ya joto katika diski kuu

Picha za harusi, vyeti vya shule na nyaraka za familia zilizohifadhiwa katika kompyuta, iwe ni Nakivale, Bwizibwera au Mbarara mjini, mara nyingi hukaa ndani ya diski kuu. Usalama wake hutegemea kwa sehemu kubwa kifaa kidogo mno: kichwa cha kusomea na kuandikia.

Kichwa hicho huelea juu ya sahani inayozunguka, kwa kawaida mara 5,400 au 7,200 kwa dakika. Nafasi iliyopo kati yao ni nanometa chache tu, ilhali unene wa unywele wa binadamu hufikia makumi ya maelfu ya nanometa. Kichwa kikigusa sahani, huweza kuikwaruza na kumbukumbu zikapotea.

Adui mmojawapo ni joto. Mwili wa kichwa ni wa kauri, koili yake ni ya shaba, na ncha za sumaku ni za nikeli na chuma. Umeme unapopita katika koili, vyote hutanuka, lakini si kwa kiasi kimoja. Fimbo ya shaba ya mita moja ikiongezewa joto la nyuzi 100 za Selsiasi hurefuka takriban milimita 1.7, ya permaloi, yenye nikeli karibu asilimia 80, milimita 1.2, ya kauri hiyo, milimita 0.7. Ndiyo maana ncha ya metali huchomoza kuielekea sahani.

Suluhisho hutafutwa katika malighafi. Mwaka 1896, mwanafizikia Mswisi Charles Édouard Guillaume aligundua kwamba chuma chenye nikeli asilimia 36 karibu hakitanuki kabisa. Aloi hiyo, Invar, ilichangia kumpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1920. Hata hivyo, ncha lazima pia iwe na nguvu za kutosha za sumaku, hivyo wahandisi hutumia aloi zisizotanuka sana pale tu inapowezekana. Vilevile hupunguza kiasi cha metali, huweka alumina badala ya plastiki, na huchagua vihami vinavyoondoa joto upesi.

Mtumiaji naye ana wajibu. Watengenezaji wengi huweka nyuzi 60 kuwa ukomo. Chini ya paa la mabati, kompyuta ikae mbali na jua, matundu yake ya hewa yawe wazi, na nakala ya pili ya nyaraka ihifadhiwe mahali pengine.