Unakwenda Chuo? Kaa Kwanza Nikusimulie

Jumapili iliyopita mdogo wangu alifungua begi lake juu ya kitanda akaanza kupanga: shuka mbili, kanga nne, ndala, ndoo yenye mfuniko, pasi ya kuazima. Amechaguliwa kwenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kusomea ualimu. Hapa kwetu Shangani, Mtwara, habari kama hiyo haikai ndani. Ilishafika feri kwa wavuvi kabla sisi wenyewe hatujamaliza kufurahi.

"Kaka, nimesahau nini?" akaniuliza.

Mama akadakia kutoka uani: "Muulize vizuri, huyo ndiye mwenye vitabu humu ndani."

Alisema kwa utani, lakini utani ule una mwiba. Mimi mwenye vitabu niliishia kidato cha sita. Chuo nilichaguliwa, nikakikosa kwa herufi moja tu. Hilo nitalisema mbele. Sasa mtu ambaye hakusafiri anampaje ushauri msafiri? Nikaona nifanye ninachokiweza. Nikamwambia, "Kaa kwanza nikusimulie." Niliyomsimulia ndiyo haya, ndugu msomaji. Kama nawe unafunga begi mwaka huu, karibu kitako.

Hadithi ya watu wa kusini na chuo haikuanzia kwenye matokeo ya mtihani. Ilianzia kwenye minyororo. Katika karne ya 19 misafara ya watumwa kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilishukia pwani hii, Kilwa na Mikindani, kisha majahazi yakawachukua watu hadi Unguja. Baadhi ya watoto waliookolewa baharini na manowari za Waingereza walikabidhiwa kwa wamisheni wa UMCA, wakasomeshwa Kiungani, nje kidogo ya mji wa Zanzibar. Mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyetekwa utotoni. Alisoma Kiungani, akapelekwa mpaka Canterbury, Uingereza, na mwaka 1890 akawa Mwafrika wa kwanza wa misheni ile kupewa upadri. Kazi yake akaifanyia wapi? Chitangali, bara ya huku kwetu, katikati ya Wayao wenzake.

Wanafunzi wengine wa Kiungani wana jambo linalotugusa sisi tunaotamani kuandika. Waliandika maisha yao kwa Kiswahili: walikozaliwa, walivyokamatwa, walivyouzwa kutoka mkono huu hadi mkono ule. A. C. Madan akayatafsiri, na kitabu kikachapishwa London mwaka 1887. Hebu fikiria. Mtoto amepotelewa na mama, amepotelewa na kijiji, anapewa kalamu, na kitu anachokiandika ni kwao.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni huu. Ukifika utaulizwa unatoka wapi. Usije ukasema "Dar" kwa sababu tu umelala wiki mbili Mbagala kwa shangazi. Sema Mtwara. Watakutania lafudhi yako, watakutania na chakula cha kwenu. Cheka nao, halafu endelea kusema Mtwara. Waliotangulia walisema kwao wakiwa hawana hata njia ya kurudi.

Mdogo wangu akatikisa kichwa. "Haya, la pili?"

La pili, nilimwonyesha dirishani. Shangani hii yenye viwanja vipana na nyumba zilizoachana kama zimegombana, haikuja yenyewe. Mji wa Mtwara ulichorwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza. Walitaka kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, na zile za Nachingwea wazisafirishe kwa reli hadi hapa, zipakiwe melini. Lakini walianza kufyeka kabla ya kuupima vizuri udongo na mvua. Matrekta yakavunjika, mvua ikagoma, na kufikia mwaka 1951 mpango umekufa, pauni milioni 36 zimekwenda na maji. Bandari yetu ilikamilika mwaka 1954, karanga zenyewe hazipo. Reli ikafungwa mwaka 1962 na baadaye ikang'olewa.

Miaka hiyohiyo ambayo mamilioni yalikuwa yakizikwa kwenye vumbi, Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Aliyetaka digrii alikwenda Makerere, Uganda, kilichoanza mwaka 1922 kama shule ya ufundi. Benjamin Mkapa, aliyezaliwa Lupaso, Masasi, mwaka 1938, alipita Ndanda, akapita Kigonsera, akapita Pugu, ndipo akafika Makerere, akahitimu mwaka 1962. Akaja kuwa Rais kuanzia 1995 hadi 2005. Hatua kwa hatua, bwana.

Nakwambia, mwaka wa kwanza chuoni unafanana sana na Nachingwea. Mtu anafika ana mipango ya matrekta: atasoma, atafanya biashara ya viatu, atagombea uongozi, ataandika kitabu. Baada ya miezi minne matokeo yanatoka na ana "sapu" tatu. Pima udongo kwanza. Waulize wa mwaka wa pili kila somo linataka nini, mtihani una alama ngapi na kazi za katikati ya muhula zina ngapi. Jua maktaba inafungwa saa ngapi. Ukishaujua udongo, fyeka upendavyo.

Sasa tufike kwenye chuo chenyewe. Oktoba 1961, wiki chache kabla ya uhuru, Chuo Kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam kwa wanafunzi wa sheria wasiozidi 15. Hakikuwa na jengo. Kiliazima jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Mlimani walihamia mwaka 1964. Hao wanafunzi wa mwanzo walikuwa wachache mno, na nchi maskini ikawabeba mgongoni.

Halafu ikaja siku ya tarehe 22 Oktoba 1966. Serikali ilikuwa imeamua kwamba wasomi wakimaliza masomo waende Jeshi la Kujenga Taifa kwa miaka miwili, na sehemu kubwa ya muda huo walipwe asilimia 40 tu ya mshahara. Wanafunzi wakaandamana, wengine wamevaa majoho yao, na bango moja likasema eti afadhali ukoloni. Mwalimu Nyerere akawasikiliza, akawaka, akawarudisha makwao zaidi ya 300. Na yeye mwenyewe akajikata asilimia 20 ya mshahara wake.

Nilipokuwa kidato cha nne nilimshangilia Mwalimu. Nilipofika cha sita nikawashangilia wanafunzi. Siku hizi naona kila upande ulikuwa na lake. Kuuliza ilikuwa haki yao. Chuo kisichouliza ni ghala. Ila waliuliza kana kwamba wamefika pale kwa miguu yao wenyewe. Wewe mdogo wangu, ukiwa na madai, dai. Lakini kabla hujainua bango, mkumbuke anayepalilia mikorosho ili wewe ukae darasani.

Baada ya hapo likaja Azimio la Musoma, Novemba 1974. Likasema mtu asitoke shule moja kwa moja kwenda chuo kikuu. Akafanye kazi kwanza, aombewe na wanaomfahamu kazini, ndipo aende. Utaratibu ule ulikuja kulegezwa na kuachwa, lakini mimi huwa naukumbuka kwa sababu yangu binafsi. Kulikuwa na wakati nchi nzima iliamini kwamba kuchelewa kuingia chuo si aibu.

Nikafika mahali ambapo nilitaka kuruka, nikaona nikiruka nitakuwa mwoga. Mlimani miaka ya 1980 kulikuwa na kitu kinaitwa Mzee Punch. Lilikuwa kundi la siri la wanafunzi lililobandika karatasi ukutani kumdhihaki mtu, kwa maneno na michoro ya aibu, na wasichana ndio walioumizwa zaidi. Mwanafunzi akishabandikwa, wenzake walimkwepa. Februari 1990 msichana wa mwaka wa kwanza wa ualimu, Levina Mukasa, alijiua baada ya kunyanyaswa na wanafunzi wa kiume na kutopata kinga aliyostahili. Wa mwaka wa kwanza. Wa ualimu. Kama huyu aliyekaa mbele yangu anakunja kanga.

Nikamwambia hivi: aibu ni ya anayefanya, si ya anayefanyiwa. Mtu akikusumbua, awe mwanafunzi, awe mwalimu, sema mapema, sema kwa zaidi ya mtu mmoja, na usione umesumbua nyumba kupiga simu usiku wa manane. Na nyinyi washikaji zangu mnaosoma hapa, siku hizi ukuta uko kwenye simu. Unapocheka picha ya mwenzako iliyosambazwa, wewe ndiye Mzee Punch.

Tukabaki kimya kidogo. Mama naye uani akawa ameacha kutwanga.

La mwisho ni la fedha, na hapo ndipo nilipoangukia mimi. Miaka ya 1990 gharama za chuo zikaanza kurudi kwa mzazi. Kisha ikatungwa Sheria Namba 9 ya mwaka 2004, na Bodi ya Mikopo ikaanza kazi Julai 2005. Fedha ya kujikimu ambayo wanafunzi wanaiita "bumu" ni mkopo, si zawadi; tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, mwajiriwa anakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Kwa hiyo bumu likiingia usilipokee kama harusi. Na kwa mtoto wa mkulima wa korosho kuna mtego mwingine: chuo kinafunguliwa wakati minada ndiyo kwanza inaanza. Mzee ana gunia, hana hela. Jipange kuishi wiki za mwanzo bila kutegemea lolote.

Mimi nilichaguliwa, nikaomba mkopo. Cheti changu cha kuzaliwa kina jina la mzee lenye "i" mwishoni. Cheti cha kidato cha nne hakina hiyo "i". Nyumbani hatukuwahi kuitazama. Kila mtu hapa pwani anajua ni jina lilelile, ukiliita msikitini anaitika mtu mmoja. Lakini karatasi haina masikio. Mpaka nikapata wakili, nikaapa, nikapata hati ya kiapo, dirisha la maombi limefungwa. Ada hatukuwa nayo. Simlaumu mtu, kosa lilikuwa letu, tuliliona limechelewa.

Leo nafanya kazi kwenye kibanda cha fotokopi mjini. Kila msimu wa maombi nawajazia vijana fomu, na kabla sijagusa kompyuta nawaambia: leteni vyeti vyote, tuvilaze mezani, tusome jina herufi kwa herufi. Wengine wananiona msumbufu. Nimeshazikamata herufi nyingi pale, na kila nikiikamata moja moyo wangu unapoa kidogo.

Nikamwambia mdogo wangu alete vyake. Tukavilaza kitandani, tukasoma kwa sauti kama watoto wa darasa la kwanza. Viko sawa vyote. Nikatoa nakala tatu tatu, nikazitia kwenye bahasha ya kaki, nikaiweka chini kabisa ya begi, chini ya kanga.

Ndipo Mama akaingia, akasimulia za zamani: kusubiri kivuko Ndundu, Rufiji imefurika, abiria wanalala njiani siku kadhaa na kuku wao, mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. "Wewe unapanda basi alfajiri, jioni unakula Mbagala," akasema. "Usije ukatuambia mbali."

Mdogo wangu akacheka. Kisha akaenda kwenye kabati langu, ninapoweka madaftari ya riwaya yangu isiyokwisha, akarudi na karatasi moja iliyoanza kuwa ya njano. Ilikuwa ile hati ya kiapo.

"Na hii, kaka? Umesema Musoma walisema kuchelewa si aibu. Stella Maris ipo hapahapa Mtwara tangu 2009, hata basi hupandi. Hii inasubiri nini?"

Sikuwa na jibu. Nimempa mtu ushauri wa karne nzima, naye amenirudishia wa karatasi moja. Basi lake liliondoka Jumanne alfajiri. Hati ya kiapo sijairudisha kabatini; iko juu ya meza, karibu na taa ninayoandikia. Dirisha la maombi likifunguliwa tena, mteja wa kwanza pale kibandani nitakuwa mimi.