Dubai: boriti za pwani na haki ya kuzeeka

Jioni, jua linapopoa, mtaa wa kale wa Al Fahidi mjini Dubai hujaa watu wasio na haraka. Wastaafu kutoka Ulaya na Asia hupita vichochoroni, hutazama minara ya upepo iliyojengwa kupoza nyumba kabla umeme haujafika, kisha hushuka hadi ukingoni mwa Khor, yaani hori linaloutenganisha upande wa Bur Dubai na ule wa Deira. Hapo hupanda abra, mashua ndogo ya kuvushia watu, kwa nauli ambayo kwa miaka mingi imekuwa dirham 1.

Mgeni anayetoka Lamu au Zanzibar, akiingia katika mojawapo ya nyumba hizo na kuinua macho darini, ataona kitu anachokifahamu vyema: boriti za mikoko.

Nchi za Ghuba hazina misitu ya kutoa miti ya kujengea. Kwa karne nyingi, majahazi yalishuka na upepo wa kaskazi yakiwa yamepakia tende, chumvi na samaki wakavu, yakatia nanga Lamu, Mombasa, Zanzibar na katika delta ya mto Rufiji. Kusi ilipoanza kuvuma, yalirudi yakiwa na boriti. Urefu wa boriti ndio ulioamua upana wa chumba, na kwa sababu hiyo vyumba vingi vya zamani vya Dubai, kama vile vya Lamu, havikuzidi sana mita 3. Biashara hiyo ilififia pale saruji na chuma vilipoenea, na mwaka 1982 Kenya ilipiga marufuku kusafirisha boriti nje ya nchi.

Lakini, msikilizaji, si miti peke yake iliyovuka bahari. Baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 12, 1964, maelfu ya watu walikimbia visiwa hivyo. Wengi wao walikuwa na asili ya Oman, ila mtawala wa Oman wa wakati huo, Sultan Said bin Taimur, hakuwa tayari kuwapokea kwa wingi. Mlango huo ulifunguka baada ya mwanawe, Qaboos, kushika madaraka Julai 1970. Katika miaka hiyo ya kusubiri, Dubai ilikuwa miongoni mwa bandari zilizowapa hifadhi.

Dubai waliyoifikia haikuwa hii ya majumba marefu. Mtawala wake, Sheikh Rashid bin Saeed Al Maktoum, alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kuchimba kina cha Khor ili vyombo vikubwa viweze kuingia. Mafuta yaligunduliwa mwaka 1966, na Falme za Kiarabu zikaungana Desemba 2, 1971. Dola hiyo changa ilihitaji watu waliosoma, na Wazanzibari wengi walikuwa nao ujuzi huo.

Baadhi yao walipata uraia na kuzeeka kwa utulivu. Wengine walibaki miongoni mwa wale waitwao bidun, watu wasio na uraia wa nchi yoyote, na hali hiyo wakairithi watoto wao. Mwaka 2008 Komoro ilipitisha sheria ya kuuza uraia, na kwa makubaliano na Falme za Kiarabu, maelfu ya bidun wakapewa pasipoti za visiwa hivyo. Kwa njia hiyo, mtu aliyezaliwa katika Ghuba na mzazi aliyetoka Unguja alijikuta raia wa visiwa ambavyo huenda hakuwahi kuvikanyaga, na katika mji aliokulia akahesabiwa kuwa mgeni.

Wageni hao ni wengi. Katika kila wakazi kumi wa Dubai, takriban tisa ni raia wa nchi nyingine. Kwa miongo mingi kibali chao cha kuishi kilifungamana na kazi: kazi ikiisha, safari ya kurudi kwao ikaanza. Septemba 2020 Dubai ilitangaza mpango wa kuwavutia wastaafu. Aliyetimiza umri wa miaka 55 aliweza kuomba kibali cha miaka mitano, kinachoweza kuongezwa, endapo ana kipato cha dirham 20,000 kwa mwezi, au akiba ya dirham milioni 1, au nyumba yenye thamani ya dirham milioni 2.

Masharti hayo na yalinganishwe na hali ya mlinzi wa mlangoni, kazi inayofanywa na vijana wengi kutoka Kenya na Uganda. Mgeni kama huyo hana pensheni ya serikali. Ana kiinua mgongo. Sheria ya kazi humpa mshahara wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya kwanza, na wa siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Tuseme mshahara wake wa msingi ni dirham 1,500. Baada ya miaka kumi atapokea dirham 12,750. Jasho la miaka kumi halifikii kipato cha mwezi mmoja anachotakiwa kuwa nacho mstaafu.

Ndiyo maana akiba ya mlinzi huyo hutumwa nyumbani, ikageuka kiwanja Kitengela au matofali Wakiso. Yeye tangu siku ya kwanza anajua kwamba uzee wake hautakuwa kando ya Khor.

Boriti zilizokatwa na mababu wa pwani zingali zimebeba dari za Al Fahidi, na serikali ya Dubai inazitunza kama urithi wa mji. Waliozikata, waliozipakia na wajukuu wao wanaolinda milango ya majengo mapya wamekuwa sehemu ya historia hiyo hiyo. Mji huo umeshaamua kuwa mti wa Rufiji una haki ya kuzeeka ndani yake. Kuhusu mtu aliyetoka huko huko, jibu bado linategemea kiasi alicho nacho benki.